Kifungu Ambacho Sikukusomea

Mwanangu Halidi,

Kifungu cha tisa nilikiona. Sijapata kumwambia mtu yeyote jambo hili, si Bibi, si rafiki yangu wa shule, wala wewe. Nilikiona, nikakisoma mara mbili, nikakielewa vizuri, kisha nikafunga kijitabu na kukwambia hakina neno.

Nimeanza na hilo kwa sababu najijua. Ningeanza na salamu na dua, ningezunguka mpaka karatasi iishe, halafu ningejiambia kuwa nimejaribu.

Ujue pia kwa nini nimekuandikia kwa herufi za Kiarabu tulizofunzwa chuoni, na kwa Kiswahili hiki cha barua za babu, wakati nyumbani tunasema Kingazija na mtaani Kisakalava. Barua zote ulizowahi kupata zilikuwa za Kifaransa, na zote nilikusomea mimi. Hii nataka uisome peke yako, bila mtu katikati. Chuoni ulikuwa mbele yangu sana. Nikikosea herufi nicheke tu.

Kesho alfajiri unapanda meli kwenda Nosy Be, kwenye kiwanda cha sukari. Habari za chandarua, za kwinini na za kutolala na shati bichi, Bibi ameshakwambia, na atakwambia tena mara tatu kabla hujalala. Mimi sina la kuongeza hapo.

Watu wakinisikia nakuita mwanangu hucheka. Wewe una miaka ishirini, mimi kumi na saba. Lakini mama yako Mwanaesha alikuwa dada yangu, tumbo moja, na kwetu mdogo wa mama ni mama hata kama bado ananyonya. Unakumbuka siku ulipoletwa hapa Mahajanga kutoka Andoany, huko huko kisiwani Nosy Be unakokwenda, baada ya mazishi yake? Ulikuwa na miaka tisa, umevaa kaptula ya mtu mzima iliyofungwa kwa kamba. Bibi alinishika bega, mimi wa miaka sita, akanisukuma mbele yako. "Huyu ni mwanao sasa," akasema. "Mpe maji." Nilikwenda kukuletea, nikamwaga nusu njiani. Ulikunywa yaliyobaki, ukanitazama kutoka juu mpaka chini, ukasema, "Kwezi, mama," salamu ile tunayowapa wakubwa. Wanawake wote waliokuwa uani walicheka. Nilijificha nyuma ya mlango wa jiko, sikutoka mpaka Magharibi.

Sikujua wakati huo kwamba ungeendelea kuniita hivyo kwa dhati, na kwamba wewe ndiye ungenilea. Ulikaa shule ya misheni miaka miwili tu, herufi hazijakukaa, ukatoka kwenda kubeba magunia bandarini ili mimi nibaki darasani. Kila asubuhi ulinipakia kwenye bomba la baiskeli, vitabu vyangu vimefungwa nyuma, ukanishusha langoni pa shule. Wavulana walipiga kelele, "Tazameni, mama anapelekwa shule na mtoto wake!" Nilitamani ardhi inimeze. Wewe hukupunguza hata mwendo. "Wenu anajua kusoma?" uliwauliza. "Wangu anajua."

Uliwaambia hivyo kila mara, na ulijivuna kweli. Kumbuka hilo unapoendelea kusoma, maana ndilo lililokuponza.

Leseni uliipata mwaka wa pili baada ya uhuru. Nchi ilikuwa imepata bendera yake, na kila chama kilitaka kiwe na mhuri wake. Shirikisho la baiskeli lilifungua tawi hapa mjini, na wewe, uliyekuwa ukiwashinda watu wote kwenye barabara ya Amborovy kwa baiskeli uliyoiunganisha mwenyewe, ukachukuliwa na klabu. Ulikuja na kadi ngumu yenye picha yako. Bibi aliishika kwa ncha za vidole. "Mbona umenuna hivi?" akakuuliza. "Wamekupa leseni au wamekufunga?"

Pamoja na kadi ulipewa kijitabu cha sheria, kurasa ishirini na kitu, Kifaransa kidogo kidogo kama chawa. Ulikiweka mapajani mwangu. "Mama, nisomee yote. Sitaki kuja kuvunja sheria za watu kwa ujinga."

Tulisoma kila siku baada ya Alasiri, vifungu viwili viwili, nikikutafsiria polepole. Breki lazima ziwe mbili. Fulana ni ya klabu. Mshindani asimshike mwenzake mkono wala nguo. Ulirudia kila kifungu kwa sauti, kama tulivyorudia aya chuoni. Tulifika kifungu cha nane. Siku iliyofuata akaja mjomba wako Bakari.

Kaka yangu huyo unamjua: haingii nyumbani, anavamia. Alikuwa ameshuka meli ya Andoany asubuhi hiyo, na alikaa na wazee wawili wa mtaa hapo barazani, akaanza kupanga mambo kabla hajanywa chai. Wafanyabiashara wa Andoany walikuwa wanaandaa mbio za baiskeli siku ya sikukuu, kutoka sokoni mpaka kijiji cha Ambatoloaka na kurudi. Zawadi ilikuwa ng'ombe mwenye nundu kubwa.

"Halidi atakuja, atashinda," alisema, kana kwamba anataja bei ya chumvi. "Ng'ombe tutamchinja kwa hitima ya Mwanaesha. Nimeshawaambia watu wote. Na Zaina naye aje. Msichana mkubwa huyu, hajaona hata kaburi la dada yake."

Wewe ukanigeukia. "Subirini kwanza. Mama, kitabu kinasemaje? Naruhusiwa?"

Kijitabu kilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimekifungua kifungu cha tisa nikisubiri tuanze. Kilisema kwamba mwenye leseni haruhusiwi kuingia katika mashindano yoyote ambayo Shirikisho halikuyapa kibali, na kwamba atakayeingia atasimamishwa, na atakayeingia kwa kujua atafutwa. Sentensi mbili. Hazikuwa na neno hata moja gumu.

Nilikitazama tena, wanaume wanne wakinitazama mimi.

"Hakina neno," nilisema.

Nimejaribu mara nyingi kujiambia kuwa ilikuwa aibu tu. Unanijua, nikiwa mbele ya wanaume sauti hunikauka, na kumwambia kaka mkubwa kwamba ahadi yake haiwezekani ni kazi nisiyoiweza. Ningeweza kukuachia hapo uamini hivyo. Lakini kesho yake asubuhi nilikuwa nawe peke yetu kwenye baiskeli, mgongo wangu kifuani pako, njia nzima mpaka shuleni. Ulikuwa unapiga mluzi. Hapakuwa na wazee, hapakuwa na Bakari. Nilinyamaza tena.

Nilitaka kwenda Nosy Be. Basi. Nilitaka kuona alipolala dada yangu ambaye sura yake imeanza kunitoka, na nilijua kwamba bila mbio hizo hakuna ambaye angenipeleka. Nilijiambia pia, kwa akili ya mtu anayesoma vitabu vingi, kwamba Shirikisho liko mbali na kisiwa ni kidogo, na nani huko angejua nani ana leseni. Hata fulana ya klabu niliipiga pasi mimi mwenyewe nikaiweka juu kabisa kwenye mfuko, kwa sababu kifungu cha tatu kilisema ndiyo vazi la mashindano. Nilitii cha tatu na kuficha cha tisa.

Siku ile ya mbio nimeiandika kwenye daftari langu, lakini aliyekimbia ni wewe, huhitaji nikusimulie. Nataka tu ujue nilichokiona kutoka pale sokoni. Niliwaona wale wafanyakazi wa kiwanda na baiskeli zao nzito zenye vibebeo vya mizigo, na yule mnene aliyekizunguka chombo chako akakipima kwa kiganja. "Bwana mdogo, hii umekuja nayo kwa meli au umeivua kwa ndoana? Mbona mifupa mitupu?" Ukamjibu, "Nyama iko miguuni, kaka." Wote walicheka, yeye zaidi ya wote. Mkaondoka. Upepo ulileta harufu ya maua ya milangilangi yanayochemshwa yatoe mafuta, nzito mpaka kichwa kinauma. Uliporudi ulikuwa peke yako barabarani. Watu walikuwa bado wananunua karanga, wengine wameipa barabara mgongo. Nyuma yako hapakuonekana mtu kwa muda mrefu.

Ng'ombe alichinjwa. Hitima ilisomwa. Nilikaa kaburini na mikono yangu juu ya mchanga. Na nilifurahi, Halidi. Siku mbili nzima nilifurahi bila doa, na katika mambo yote niliyoyafanya hilo ndilo linalonitisha zaidi, kwamba moyo haukunisuta hata kidogo.

Kisha picha ikatoka gazetini. Wewe na ng'ombe, na jina la klabu limenyooka kifuani kama nilivyolinyoosha.

Barua ya kuitwa na Shirikisho nilikusomea mimi. Hiyo niliisoma sawasawa, kila neno. Uliniuliza, "Wamekasirika kwa nini? Si ulisema hakina neno?" Nikasema, "Labda sikuelewa." Ulikwenda ukaosha baiskeli, ukausugua mnyororo mpaka giza likaingia.

Tulikwenda pamoja ofisini, chumba kimoja na feni moja, nyuma ya duka la vyerehani. Katibu hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya. Alieleza jambo lake kwa upole nami nikakutafsiria: mbio zile hazikuwa na daktari, hazikuwa na bima, ng'ombe walikuwa wanavuka barabara, na kama mtu angekufa, nani angemjibu mama yake? Tena, akasema, kila mwenye duka akianzisha mbio zake na wakimbiaji bora wakaenda huko kufuata nyama, Shirikisho litasimamia nini? Nimelifikiria neno hilo sana. Halikuwa la kipumbavu.

Wewe ulimjibu kwa Kifaransa chako cha bandarini. "Kadi mmenipa nyinyi, bwana. Miguu sikupewa na nyinyi."

"Ni kweli," akasema. "Kadi ndiyo tutakayoichukua."

Wale wajumbe wawili waliokaa naye walitabasamu. Kisha akavua miwani akauliza swali ambalo nalisikia mpaka leo. Je, ulijua kifungu cha tisa? Maana kama hukujua, akasema, ni kusimamishwa miezi mitatu, na timu ya kwenda Antananarivo itachaguliwa baadaye, bado una nafasi. Aliposema hivyo alikuwa kama anakusukumia kitu juu ya meza.

"Nani alikusomea kijitabu?"

"Mama yangu," ukasema, ukanionyesha.

Walinitazama. Mjumbe mmoja akauliza umri wangu, ukamwambia. Akauliza wako, ukamwambia. Chumba kizima kilicheka, hata karani aliyekuwa mlangoni. "Mama wa miaka kumi na saba!" Halafu yule mjumbe akafuta macho na kusema, "Na huko shuleni wanamfundisha nini, kama sentensi mbili zimemshinda? Ndiyo maana mmepotea."

Nilikuwa natetemeka. Ulikuwa wakati wangu. Maneno yalikuwa machache: *hazikunishinda, nilimficha.* Nilikuwa nayo kwa Kifaransa, yamepangwa vizuri, na vitenzi vyake viko mahali pake. Nilifungua mdomo.

Wewe uliniona nikitetemeka, ukadhani ni kwa sababu ya kuchekwa. Nilikuona uso ukibadilika. Ukasimama.

"Mama yangu anasoma kuliko wote mliomo humu," ulisema. "Alinisomea sawasawa. Mimi nilijua, nikaenda."

Katibu alikuuliza mara ya pili, polepole. Ukarudia, "Nilijua."

Nikafunga mdomo.

Yote yaliyofuata unayajua, na mengine yalikuumiza zaidi ya kadi yenyewe. Walikufuta. Timu ya Antananarivo iliondoka na watu wanne ambao wote uliwahi kuwaacha nyuma. Kijitabu kina kifungu kingine, cha kumi, kwamba mwenye leseni asifanye mazoezi wala kukimbia na aliyefutwa, na wenzako wa klabu walikitii. Nilikuwa nawe siku ile ulipowakuta barabara ya Amborovy, nao wakageuza baiskeli wote kwa pamoja. Mmoja alinyanyua mkono kidogo, akaushusha. Baada ya hapo ulikuwa unapita njia ya mchanga ya Antsanitia, kule kusikokwenda mtu wa mbio, unarudi magoti yamejaa vumbi. Halafu ukaacha na hiyo.

Lipo jambo la pili, na hilo sikukusomea kabisa. Barua ya kukufuta ilikuwa na mstari wa mwisho: aliyefutwa anaweza kukata rufaa ndani ya siku kumi na tano, akileta ushahidi mpya. Ushahidi ulikuwa unalala chumba cha pili. Siku kumi na tano nilikwenda shule, nikarudi, nikala, nikafanya mtihani wa historia, nikapata alama nzuri. Ulinipongeza. Siku ya kumi na sita nilihema kama mtu aliyetua mzigo, na ndipo nilipojua mimi ni mtu wa namna gani.

Sitakwambia mambo yatakaa sawa. Nimesoma vitabu ambavyo kila kitu hukaa sawa kurasa za mwisho, nikavipenda sana, na sioni njia ya kukuandikia hivyo. Miguu haisubiri. Kiwandani utasimama zamu ndefu, na ukitoka utataka kulala. Huenda utaona mbio nyingine za sokoni Andoany, na waandaaji wataogopa kukuingiza, maana sasa hata wafanyabiashara wanaomba kibali. Ulikuwa na kitu kimoja kilichokuwa chako peke yako katika dunia hii, na mimi nilikibadilisha kwa safari ya siku tatu.

Wazazi wengine wana hekima ya kuwapa watoto wao wakiondoka. Mimi nina nilichokijua kwa kuwa mwongo. Huko uendako watakusomea karatasi: mkataba, zamu, adhabu. Usimuulize anayekusomea imesema nini tu. Mtazame, umuulize yeye angependa iseme nini. Mimi ungeniuliza hivyo pale barazani, nadhani ningelia, na ungejua. Na mtu akinyamaza huku ameinamisha macho, usimpe sifa ya upole. Mimi nimesifiwa upole tangu utoto, na chini ya upole huo nimejificha mambo mengi. Zaidi ya yote, usisimame tena kumtetea mtu kabla hujajua kama anatetemeka kwa uchungu au kwa hatia. Nimeandika sentensi hiyo na sasa naona haifai, kwa sababu ukiacha kufanya hivyo hutakuwa wewe. Basi iache.

Jifunze herufi za Kifaransa ukubwani hivyo hivyo. Hilo naliomba. Si aibu. Nimekuwekea kitabu changu cha darasa la kwanza chini ya mashuka, na kwa kila herufi nimeandika pembeni ile ya chuoni inayofanana nayo. Nilipaswa kukufundisha zamani. Jioni zile zote nilikusomea badala ya kukufundisha kusoma, kwa sababu nilipenda kuwa mtu ambaye huwezi kufanya kitu bila yeye. Hilo nimelijua wiki hii tu, nilipokuwa naandika herufi zile.

Nilifika hapo nikaiweka kalamu. Nikavaa buibui, nikamwambia Bibi nakwenda kurudisha daftari, nikaenda kwa katibu. Ilikuwa bado mapema, duka la vyerehani lilikuwa halijafungwa. Alikuwa peke yake. Nilisimama mbele ya meza nikasema kwa Kifaransa, kwa sauti, kwamba Halidi hakujua, kwamba nilikisoma kifungu cha tisa na kukielewa na kumficha, na kwamba siku ile alisema uongo kwa ajili yangu. Nilisema mpaka mwisho bila kukwama.

Alinisikiliza. Akauliza, "Kwa nini umekuja leo?"

Nikasema, "Kesho anasafiri."

Akasema jalada limeshakwenda makao makuu, siku za rufaa zimepita, na hata yeye hana njia ya kulirudisha. "Tena madmazeli," akasema, si kwa ukali, "anayeondoka kesho hana haja ya leseni."

Nilimwomba karatasi, nikayaandika yale yale hapo hapo nimesimama, nikatia jina langu, nikaiacha mezani. Aliiwekea kidau cha wino juu isipeperuke. Hakuisoma mbele yangu.

Nikarudi. Ulikuwa uani unamcheka Bibi, amekufungia dagaa wa kutosha kulisha meli nzima. Uliniuliza nilikuwa wapi. Nikasema nilirudisha daftari. Nilikuwa nimetoka kusema kweli kwa mgeni, na kwako, uso kwa uso, sikuweza tena. Nimeingia ndani nikamalizia mistari hii. Nitaikunja barua niitie kwenye mfuko wa ndani wa koti lako, ule ambao hutautia mkono mpaka upate baridi baharini, kisha nitakwenda jikoni kumsaidia Bibi kumenya mihogo.

Mama yako mdogo,
Zaina